Fundi Aliyepima Bafle kwa Mvua

Watu wa Kadutu, hapa Bukavu, wanasema yule mzee alikuwa mkaidi na mwenye wivu, kwamba aliichukia intaneti kwa sababu ilimnyang'anya wateja. Nimelisikia neno hilo sokoni, nimelisikia kwenye ngazi za kanisa, na juzi nimelisikia kutoka kwa mtu ambaye angepaswa kunyamaza kuliko wote, yule mwenye duka aliyetuuzia zile bafle mpya za parokia. Basi naandika. Kwamba alikuwa mkaidi, sikatai. Mengine ni uongo, na ninayajua kwa sababu katika daftari la mzee kuna ukurasa mmoja unaonihusu mimi. Nitaufikia.

Sote tulimwita Papa Fundi. Alitengeneza ampli za kukuza sauti, mikro za kusemea, na bafle, ndivyo tunavyoziita huku spika kubwa za kanisani na za harusini. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyojivunia ilikuwa kutoa hukumu. Kila chombo cha sauti kilichopita mikononi mwake alikiandikia ukurasa katika daftari la shule, akaweka tarehe juu na jina lake chini. Daftari lilining'inia kwa kamba kwenye mlango wa karakana, na mtu yeyote aliyetaka kununua kitu alikuja kusoma kwanza, bure. Wengine walisoma wamesimama, mzigo wa mkaa ukiwa bado kichwani.

Ufundi huo wa kuhukumu aliupata kwenye magazeti. Padri mmoja Mzungu aliporudi kwao alimwachia masanduku matatu ya magazeti ya Kifaransa yaliyoandika juu ya vyombo vya muziki tu: hiki kinasikika hivi, kile kina kasoro hii, kile kingine usipoteze wakati wako nacho. Papa Fundi aliyasoma yote, akayarudia. Vyombo vilivyoelezwa mle havikufika Bukavu hata kimoja, na yeye hilo halikumkera. Alijifunza namna ya kuuliza. Pembeni mwa kurasa aliwajibu waandishi kwa kalamu ya bluu. Mwandishi akisifu ampli yenye sauti laini jioni nzima, mzee aliandika kando: Na kuranti ya umeme ikikatika mara tano jioni hiyo? Mwandishi akieleza chumba chenye zulia na pazia zito, mzee aliandika: Njoo kwetu.

Mimi nilikuwa jirani yake, na sauti ya pili katika kwaya. Nilipomaliza masomo nilifungua ukurasa kwenye intaneti, nikaanza kuandika juu ya vyombo hivyo hivyo, kwa sababu makanisa na vikundi vya muziki vilikuwa vinanunua ovyo. Kwa muda mfupi nilipata wasomaji kutoka Uvira hadi Kalehe. Kichwa kilivimba kidogo, nasema kweli. Papa Fundi aliniita Mademoiselle hata baada ya mimi kuzaa mara mbili, na kila nilipopita aliniomba nimsomee kilichoandikwa kwenye simu.

Siku ya kwanza nilimsomea makala ya tovuti moja kubwa, ndefu, yenye picha nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliandika iyi?"

"Ni site, Papa."

"Site haina masikio. Nauliza nani alisikiliza."

Nikatafuta jina juu, nikatafuta chini. Halikuwepo. Alirudi kwenye kazi yake ya kuchomelea waya kana kwamba sijasoma kitu.

Watu wanaodhani aliyapenda magazeti kwa sababu ni ya zamani hawakumjua. Aliyajua maovu yake. Alinionyesha gazeti moja lililosifu bafle fulani kurasa mbili nzima, kisha akafunua ukurasa wa tatu, na hapo palikuwa na tangazo la bafle ile ile. "Hata hawa balikuwa banakula," alisema. "Lakini banakula mbele yako, sahani iko mezani. Unaona." Kilichomfanya aheshimu karatasi kilikuwa kitu kimoja tu, nacho alinieleza mara nyingi hadi nikachoka.

"Kosa ya gazeti iko na tarehe, Mademoiselle. Naweza kuikunja, naiweka mufukoni, naenda nayo mbele ya mwenye aliiandika. Kosa ya simu, unaamuka asubui, haiko tena. Hata pole habakuambie."

Nilimwambia kwamba uwezo wa kusahihisha ni jambo jema. Akasema kusahihisha ni jambo jema sana, ndiyo maana kosa lazima libaki pale ili watu waone kilichosahihishwa ni nini.

Pamoja na maneno yote hayo, mzee alikuwa kisebusebu na kiroho papo. Nilipomaliza makala ya simu, alinizuia nisiifunge. "Shuka chini." Huko chini, wasomaji walipoandika maoni yao, ndiko alikopenda. Mtu wa Kinshasa akilalamika kwamba bafle imepasuka baada ya miezi minane, Papa Fundi aliitikia kwa kichwa kama aliyepata barua ya ndugu. Alinifanya nisome malalamiko hata ya watu waliokosa adabu. "Juu njo kwenye banakula," alisema, "chini njo kwenye banalipa. Soma chini." Yaani juu ndiko waandishi wanakokula, chini ndiko wanunuzi wanakolipa. Kisha, mbele za watu, alirudia kwamba intaneti ni upuuzi mtupu.

Mkinzano mwingine ulikuwa ndani ya mwili wake. Sikio lake la kuume lilikufa akiwa kijana, kwa kusimama kila Jumamosi kando ya bafle za baa moja alikopiga muziki. Kwa hiyo aliyehukumu kwa niaba ya masikio ya mji alikuwa na sikio moja. Wauzaji walilijua hilo na walilitumia. Mmoja alikuja mlangoni kumtukana, kwamba kiziwi hawezi kumharibia biashara.

"Moja inatosha," alijibu Papa Fundi. "Yako mbili zinadanganyana."

Alikuwa na msemo ambao sijausikia kwa mtu mwingine: sikio halina shangazi. Alitaka kusema kwamba sikio halimpendelei mtu kwa undugu, na likianza kumpendelea basi likatwe. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alifungua duka la vyombo karibu na soko, na ukurasa wa kwanza aliomwandikia ulimfanya shemeji akose kumsalimia mwaka mzima. Mkewe, Maman, alikuwa katikati ya wanaume hao wawili, naye alicheka tu, akawapelekea wote sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Sasa mvua. Kanisa letu, kama makanisa mengi huku, lina paa la mabati bila dari. Miezi mingi ya mwaka mvua inanyesha, na ikinyesha juu ya mabati yale unaona midomo ya padri ikicheza, basi. Hakuna gazeti katika masanduku yale matatu lililowahi kupima bafle chini ya mabati wakati wa mvua. Hakuna tovuti pia. Papa Fundi alitunga kipimo chake, akakifanya sheria: bafle haipati ukurasa kwenye daftari mpaka isikilizwe mvua ikinyesha.

Karakana yake ilikuwa banda refu la mabati. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa aliiweka bafle mwisho mmoja wa banda, yeye akaketi kwenye kiti mwisho wa pili, sikio la kushoto mbele. Maman aliacha chungu chake, akaja kushika mikro. Alisoma majina kumi ya marehemu wa ukoo wao, kwa sauti ya kawaida, bila kupaza, kama yanavyosomwa kwenye misa ya kuombea wafu. Kwa kila jina alilolisikia vizuri, mzee aliinua kidole. Bafle iliyofikisha kumi ilipata sifa. Iliyofikisha tisa iliandikwa vibaya sawa na iliyofikisha mbili.

Niliona hiyo ni dhuluma, nikamwambia.

"Tisa iko sifuri," akasema. "Ule wa kumi naye iko na batu yake, bamekaa pale, banangoja kusikia jina. Utabaambia nini?"

Maman akiwa bado ameshika mikro aliongeza, "Na usipige kelele. Ukipiga kelele unaisaidia bafle. Iache ijisaidie."

Tatizo la sheria hiyo lilikuwa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti Papa Fundi hakumhukumia mtu. Watu walimjia na bafle mpya kutoka Miti na Mumosho, na aliwarudisha: njooni Septemba. Walimbembeleza, walimtolea maneno machafu. Wengine walidhani anataka kitu kidogo. Alikaa mlangoni akinywa chai na kuwatazama wakiteremka na mizigo yao, na sikuwahi kumwona akilegea hata siku moja.

Na alikosea pia, isije mtu akasema ninamvisha kilemba cha ukoka. Aliwahi kuandika juu ya ampli moja ya bei rahisi kwamba haitafika Pasaka. Ilikuwa imenunuliwa na kwaya ya Mumosho. Pasaka ikapita, na nyingine, na ampli ikaendelea kuimba. Alipopata habari hakutuma mtu. Alipanda gari akaenda mwenyewe, akaketi kwenye benchi la mwisho misa nzima, na baada ya misa alisimama mbele ya kwaya akaomba radhi. Watu walicheka wakisema muzee ameomba radhi kwa ampli. Aliporudi aliandika chini ya ukurasa ule, bila kufuta herufi: Nilikosea. Iko hai. Nimeisikia mimi mwenyewe. Akaweka tarehe mpya na jina lake tena.

Sasa ukurasa wangu.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana. Mwenye duka moja la mjini, yule yule niliyemtaja mwanzoni, alinialika nije kusikiliza bafle alizozipokea. Duka lilikuwa na dari nzuri na zulia, soda ikaletwa. Zile bafle zilisikika vizuri, hilo ni kweli, na hata leo ukizisikilizia pale zitakupendeza. Nilipoondoka alinipa bafle ndogo ya nyumbani, zawadi kwa watoto. Niliipokea. Siku ya pili nikaandika makala yenye furaha tele, nikaiita bafle ambayo parokia zetu zimeingoja. Chini sikuweka jina langu. Niliweka jina la ukurasa, kama ilivyokuwa desturi yangu.

Halmashauri ya parokia ilisoma makala hiyo kwenye simu zao. Sikukuu ya parokia ilikuwa Agosti na walitaka vyombo vipya. Kwa heshima walimwita pia Papa Fundi.

"Mungoje mvua," aliwaambia.

"Papa, sikukuu itapita."

"Ipite. Mvua haitapita."

Rais wa halmashauri alimwonyesha simu. "Ona, hata binti yetu wa kwaya ameandika." Papa Fundi alinitazama. Nami nilikuwa pale, nimesimama kando ya mlango, na nilijua kwamba nimesikiliza chini ya dari kwenye mwezi mkavu. Neno moja lingetosha. Sikulisema. Zikanunuliwa.

Septemba Maman alifariki, kwa homa iliyomchukua siku tano. Ile sauti ya mikro ilizimika na karakana ikakaa kimya wiki nyingi.

Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, kanisa lilijaa hadi nje. Kila familia ilikuwa imeandikisha majina. Papa Fundi alikaa kwenye benchi lake la siku zote, la mwisho, karibu na mlango, akiwa na kofia yake magotini. Padri alipoanza kusoma majina mvua ikashuka. Bafle mpya zilitoa mvumo, na ndani ya mvumo ule hukupata jina hata moja. Watu waliegemea mbele, wakaweka viganja nyuma ya masikio. Nilikuwa kwenye kwaya, juu, na niliwaona wote. Niliona mama mmoja akimuuliza jirani yake, na jirani akatikisa kichwa. Nilimwona Papa Fundi amegeuza sikio lake la kushoto, mkono wa kulia uko juu ya goti, kidole tayari. Orodha ikasomwa mpaka mwisho. Kidole hakikuinuka.

Niliona haya kiasi cha kushindwa kuimba. Na unajua nilifanya nini nilipofika nyumbani? Nilifuta makala. Vidole viwili kwenye kioo cha simu, basi, ikawa kana kwamba haikuandikwa. Kwa miezi kadhaa nikamsalimia mzee kila asubuhi, naye akanijibu "Bonjour, Mademoiselle," sauti ile ile, bila jicho baya. Angenitukana ningepumua.

Wiki iliyopita mwenye duka alinipigia simu. Makala ile sasa imerudi kwenye ukurasa wangu, ya kwanza kabisa juu, neno kwa neno pamoja na ujinga wake wote, na chini yake yameandikwa maneno mengine.

"Dada, ile kitu unaitoa lini? Inaniharibia."

"Haitoki, Patron."

"Ni ule muzee wa wivu amekuloga kichwa."

"Kama unaona nimekosea, leta bafle yako mvua ikinyesha. Nitakuja na kiti."

Akakata. Nilimjibu hivyo kwa sababu ya siku moja ya Aprili, mwaka huu, siku ya mwisho niliyokaa na Papa Fundi.

Alikuwa anahama. Binti yake wa Kalehe alikuwa amekuja kumchukua, na vitu vilikuwa vimefungwa kwenye mashuka. Aliniita niingie karakanani. Niligundua kwamba ninalazimika kusema karibu sana na sikio lake ndipo anisikie. Alilitoa daftari mlangoni, akalifungua katikati, akaniwekea mbele. Ilikuwa makala yangu. Aliinakili yote kwa mkono wake Julai ile, kutoka kwenye simu ya mtu, na sifa zote, hata kichwa cha habari. Juu kulikuwa na tarehe. Pale pa jina palikuwa patupu, na chini yake nusu ya ukurasa haikuandikwa kitu.

"Weye ulifuta," alisema. "Mi sikufuta. Niliacha nafasi."

"Papa, Maman hakusikika siku ile. Ni mimi."

"Najua. Nilikuwa pale." Akanipa kalamu ya bluu. "Usiniambie mi. Andika."

Niliandika kwamba nilisikiliza chini ya dari, kiangazi, siku moja. Niliandika juu ya zawadi. Niliandika kwamba Novemba hakuna jina lililosikika. Kisha nikaweka tarehe, na chini nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Nikamrudishia daftari. Alisoma polepole, akapuliza wino ukauke.

Mvua ikaanza kugonga mabati. Binti yake alisema gari linangoja, mzee akamwambia gari lina paa. Alitoa shuka juu ya bafle moja ya zamani, ile aliyoitumia kulinganishia nyingine zote, akaiunganisha na betri, akaenda kukaa kwenye kiti mwisho wa banda. Mimi nikashika mikro na karatasi ya majina. Jina la kumi lilikuwa jipya, limewekwa mahali pa lile la zamani kwa mkono wake. Lilikuwa la Maman.

Nilisoma. Nilitamani kupaza sauti, Mungu anajua, lakini nilikumbuka alichoniambia mwenyewe Maman, nikasoma kwa sauti ya kawaida. Vidole viliinuka kwa shida, kimoja kimoja, na mara mbili alisita. Kwa jina la kumi mkono ulibaki gotini.

"Ngapi?" akauliza kwa sauti kubwa kutoka kule.

Ningeweza kusema kumi. Nilitembea mpaka kwenye kiti chake. "Tisa, Papa."

Alicheka, kicheko kifupi, akalionyesha daftari. "Tisa iko sifuri. Chukua kayé. Andika: bafle iko muzuri. Sikio ya fundi imeisha."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Sikio halina shangazi. Hata yangu. Andika, utie jina yako, sababu weye njo ulikuwa unasoma."

Nikaandika, nikatia jina. Aliliangalia daftari mara moja tu, akanisukumia mikononi, na nikaelewa kwamba halitakwenda Kalehe. Kisha akasimama, akaniashiria nikae kwenye kiti chake.

"Sasa ikala hapa. Mi nisome."

Alikwenda hadi mwisho wa banda na kushika mikro. Binti yake alisimama mlangoni. Mzee alisoma jina la kwanza, nikainua kidole. La pili, la tatu. Mvua iliongezeka mpaka sikuweza kusikia hata kiti kilivyokuwa kikilia chini yangu. Nilihesabu tisa. La kumi alilitamka bila kupaza sauti, kama sheria yao ilivyotaka, na nililisikia lote, herufi kwa herufi. Nikainua kidole, nikakiacha juu mpaka akakiona.